Wakia Imepita Dola 4,000: Je, Chama Kiache Shilingi?

Oktoba 2025 bei ya wakia moja ya dhahabu ilivuka dola 4,000 kwa mara ya kwanza, miezi saba tu baada ya kuvuka 3,000. Tangu hapo, katika vyama vya akiba kuanzia Nakuru hadi Kisumu, hoja moja hurudi kila wakati wa kugawana unapokaribia: badala ya kugawana shilingi zinazopungua nguvu, kwa nini tusinunue dhahabu tuiweke? Huku magharibi hoja hiyo ina mvuto wa ziada. Dhahabu inachimbwa Ikolomani, inachimbwa Migori, inachimbwa Siaya. Mtu anaona ni kunyoosha mkono tu.

Wanaoitoa hoja hii wana haki ya kusikilizwa. Ni watu walioona unga, mafuta na karo vikipanda huku akiba yao ikisoma tarakimu zilezile. Wasiwasi wangu ni kwamba wengi wanapima dhahabu ya kwenye habari, iliyo safi na yenye bei ya dunia, halafu wanakwenda kununua dhahabu nyingine kabisa.

Pale dhahabu inaposhinda, inashinda bila ubishi. Benki Kuu ya Kenya ilipotoa shilingi yetu ya kwanza mwaka 1966, dola moja ilikuwa shilingi 7.14 na wakia ya dhahabu ilikuwa dola 35. Wakia nzima, basi, ilikuwa shilingi 250. Oktoba 2025, dola ikiwa shilingi 129, wakia hiyohiyo ilipita shilingi 516,000. Aliyefungia zile 250 ndani ya mkebe leo hazimtoshi kilo mbili za sukari. Aliyeweka dhahabu amepata kitu sawa na riba ya karibu asilimia 13.8 kila mwaka kwa miaka 59, na hakuna akaunti ya kawaida ya akiba iliyolipa hivyo kwa muda huo wote.

Ila hesabu hiyo ina injini mbili ndani yake. Moja ni shilingi kushuka mbele ya dola, mara 18 hivi. Nyingine ni dhahabu yenyewe kupanda kwa dola, zaidi ya mara 110, hasa baada ya Agosti 1971, Rais Nixon alipofuta ahadi ya Marekani ya kubadilisha dola kwa dhahabu. Mkenya anayenunua dhahabu anaweka dau kwenye zote mbili, atake asitake. Zikivuta upande mmoja anatajirika. Zikivutana, hapo ndipo watu wengi wanapoumia bila kuelewa kilichowapata.

Mwaka 2024 ulilionyesha jambo hili vizuri kuliko mwaka mwingine wowote ninaoukumbuka. Mwishoni mwa Januari dola ilikuwa kwenye shilingi 160, na kila mtu aliyekuwa na chochote mkononi alikuwa anatafuta pa kukimbilia. Wakia ilikuwa karibu dola 2,040, yaani kama shilingi 327,000. Februari serikali ikapata pesa za kununua sehemu kubwa ya deni la Eurobond, mkopo wa dola kutoka kwa wawekezaji wa nje, lililokuwa linaiva mwezi Juni, hofu ikatulia, na shilingi ikaanza kurudi. Kufikia mwisho wa Juni dola ilikuwa chini ya shilingi 130. Dhahabu ilikuwa imepanda duniani hadi dola 2,325 hivi, ongezeko la karibu asilimia 14. Lakini kwa shilingi, wakia ilikuwa imeshuka hadi kama 301,000. Aliyenunua Januari kwa hofu alikuwa amepoteza karibu asilimia 8 katika kipindi ambacho magazeti yalikuwa yakishangilia bei ya dhahabu. Jirani yake aliyeweka pesa kwenye dhamana za muda mfupi za serikali siku zilezile alikuwa anahesabu faida ya zaidi ya asilimia 16 kwa mwaka kabla ya kodi.

Kwa haki, hadithi haikuishia hapo. Yule wa dhahabu akivumilia hadi Oktoba 2025 alikuwa juu kwa zaidi ya asilimia 55, na jirani yake hakumfikia, maana viwango vya dhamana vilikuwa vimeshuka hadi karibu asilimia 8. Swali ni nani kwenye chama chako angevumilia. Karo ya Januari haingoji wakia ipone.

Mambo ya 1993 yanafanana na hayo, ila yalikwenda polepole zaidi. Mfumuko wa bei ulifika asilimia 46 mwaka huo, pesa za umma zikiwa zimemwagwa kwa njia nyingi, mojawapo ikiwa malipo ya Goldenberg, ambapo serikali ilifidia mauzo ya nje ya dhahabu na almasi ambayo kwa sehemu kubwa hayakuwepo. Dola ilitoka shilingi 36 mwishoni mwa 1992 ikafika 68 mwaka uliofuata ulipokwisha. Wakia ikatoka kama shilingi 12,000 hadi 26,500. Mwenye dhahabu tangu awali alinusurika. Aliyeikimbilia mwisho wa 1993, baada ya kuona wenzake wamenusurika, alikuta Agosti 1999 wakia yake ni kama shilingi 19,000, kwa sababu bei ya dunia ilikuwa imelala kwenye dola 255. Katika miaka kadhaa ya katikati dhamana za serikali zilikuwa zinalipa zaidi ya asilimia 20. Kati ya Septemba 2011 na Desemba 2015 ikatokea tena: wakia kutoka kama shilingi 180,000 hadi 107,000.

Kwa hiyo dhahabu imewalipa zaidi wale walioinunua kabla ya kelele. Nani anaiuliza sasa, na kwa nini anaiuliza sasa, baada ya 4,000?

Hadi hapa tumezungumzia dhahabu safi kwa bei ya dunia. Hiyo wanachama wengi hawataigusa kamwe. Wakia ni gramu 31.1, kwa hiyo bei ikiwa dola 4,000 gramu moja safi ni karibu shilingi 16,600. Sasa ingia kwa sonara ununue mkufu wa karati 18 wenye gramu 10. Karati 18 maana yake robo tatu tu ni dhahabu, gramu 7.5, thamani ya kama shilingi 124,500. Juu yake unalipia kazi ya fundi, faida ya duka na kodi ya asilimia 16. Tuseme umetoka na mkufu kwa shilingi 170,000. Siku ya shida ukiurudisha, unapimwa kama chuma cha kuyeyushwa: ufundi haulipwi, kodi hairudi, na mnunuzi naye anaacha nafasi ya faida yake. Ukipewa 110,000 umetendewa vyema. Dhahabu ya dunia inapaswa kupanda kwa zaidi ya nusu ndipo urudi pale ulipoanzia. Mkufu ni pambo zuri na ni haki ya mtu kujipamba, lakini usiandikwe kwenye daftari la chama kama uwekezaji.

Wengine husema: basi tununue moja kwa moja machimboni. Hapa ndipo ningependa wasomaji watulie kidogo, kwa sababu ndipo pesa nyingi zinapopotelea.

Angalia inavyofika mezani. Mwamba umepasuliwa shimoni, umesagwa kwenye krasha, unga wake umeoshwa kwa maji. Kisha zebaki inamwagwa ikusanye chembe, bonge linakamuliwa kwenye kitambaa, linachomwa, moshi wenye sumu unapaa, na kinachobaki mara nyingi hakizidi punje ya hindi. Broka ana mizani ndogo ya kidijitali inayotoshea mfukoni. Anahesabu kwa pointi, pointi kumi zikiwa gramu moja. Punje hiyo si dhahabu tupu; dhahabu ya asili hutoka ardhini ikiwa imechanganyika na madini mengine, na kiasi cha mchanganyiko kinatofautiana kati ya shimo na shimo. Broka anakadiria kwa jicho na uzoefu, anakata, anataja bei. Amekata kwa ajili ya usafi, usafiri, hatari ya njiani na riziki yake. Yeye amepima maelfu ya punje. Mweka hazina wa chama hajapima hata moja. Katika biashara hiyo nani atamlalia nani?

Halafu kuna sheria. Sheria ya Madini ya mwaka 2016 inataka anayefanya biashara ya madini awe na leseni. Chama kinachokusanya punje kutoka kwa mabroka na kuziuza baadaye hakina kinga yoyote siku polisi wakiuliza, wala hakina mahakama pa kukimbilia kikigundua kimeuziwa shaba iliyopakwa rangi. Nairobi kumekamatwa watu mara nyingi kwa kuwauzia wageni wenye pesa dhahabu bandia. Kama mfanyabiashara aliyekuja na mawakili wake anadanganywa, kikundi cha akina mama kutoka Kondele kina kinga gani?

Lipo jambo jingine ambalo kwangu ni ushahidi mzito. Wanaochimba wenyewe hawaweki dhahabu. Wanaiuza siku hiyohiyo. Si kwamba hawajui bei ya dunia, maana simu zao zinaionyesha. Ni kwamba mara nyingi punje hiyo imeshaliwa kabla haijatoka shimoni: broka ndiye aliyetoa pesa za chakula, za pampu, za baruti, na anarudishiwa kwa dhahabu kwa bei anayoitaja yeye. Na mtu anayejulikana ana gramu ishirini nyumbani kijijini halali usingizi. Hata zamani faida haikubaki huku. Wazungu walimiminika Kakamega kuanzia 1931, mwaka uliofuata sheria ya ardhi ya wenyeji ikabadilishwa ili Wazungu hao wachimbe ndani ya maeneo ya wenyeji, na mgodi wa Rosterman ukafungwa 1952, katika miaka ambayo bei ya dunia ilikuwa imefungwa kwenye dola 35.

Iko njia ya tatu ambayo haizungumzwi vya kutosha. Tangu Machi 2017 kuna mfuko wa NewGold katika Soko la Hisa la Nairobi. Unanunua kipande kama hisa, nyuma yake kuna dhahabu halisi iliyowekwa ghalani, na bei inafuata ya dunia. Huhitaji mizani wala sefu. Kasoro yake ni kwamba wanunuzi na wauzaji ni wachache, kwa hiyo siku unayotaka kutoka huenda ukasubiri au ukakubali bei ya chini kidogo. Hata hivyo ningemshauri mtu huko kabla ya kumshauri mkufu au punje.

Shilingi nayo ina makosa yake, na si madogo. Septemba 30, 2019 noti za zamani za 1,000 zilikufa, na zaidi ya noti milioni saba hazikuwahi kurudishwa. Watu wa Busia wenye umri wanakumbuka mwaka 1987, Uganda ilipofuta sifuri mbili kwenye pesa yake na kukata asilimia 30 juu yake. Karatasi ni ahadi ya serikali, na serikali hubadilika. Lakini dhahabu pia haikwepi serikali kila mara: mwaka 1933 Wamarekani waliamriwa kuikabidhi kwa dola 20.67 kwa wakia, na miezi michache baadaye bei rasmi ikapandishwa hadi 35. Wala kuweka dhahabu nyuma ya noti hakutoshi. Zimbabwe ilianzisha sarafu ya ZiG Aprili 2024 ikisema inalindwa na dhahabu, na Septemba ikaishusha thamani kwa asilimia 43.

Kinachonifanya niegemee shilingi kwa pesa za karibu ni kazi ambayo shilingi inaweza kufanya hapa nyumbani. Ukiwa na 50,000 unaweza kuikopesha serikali kwa kununua dhamana zake kupitia DhowCSD, mfumo wa mtandaoni wa Benki Kuu. Amana ya benki ina bima hadi shilingi 500,000. Na kwenye Sacco nyingi akiba yako inakupa haki ya kukopa mara tatu yake, mkopo unaolipa karo au kununua ng'ombe wa maziwa huku akiba ikibaki palepale. Dhahabu kabatini haimdhamini mtu kwa urahisi hivyo. Shilingi iliyolala chini ya godoro, hiyo siitetei hata kidogo.

Ombi langu kwa serikali ni moja. Tanzania tangu Oktoba 2024 imewataka wachimbaji na wafanyabiashara watenge asilimia 20 ya dhahabu yao waiuzie Benki Kuu yao. Benki Kuu yetu kwa miaka mingi haijashika hata tani moja. Dirisha la kununua Kakamega na Migori, lenye mizani iliyokaguliwa, kipimo cha usafi na bei iliyobandikwa ukutani asubuhi, lingempa mchimbaji mdogo mahali pa kulinganisha kabla ya kumkubalia broka, na hapo ndipo angeweza kubakisha hata gramu moja.

Kwa chama kinachoamua mwaka huu, pesa zitakazohitajika ndani ya miaka mitatu zibaki kwenye shilingi, na zifanye kazi. Katika zile za mbali, sehemu ya kumi kwenye dhahabu inatosha, ikinunuliwa kidogo kidogo kila robo mwaka ili bei ya siku moja isiamue kila kitu. Na kabla ya senti ya kwanza kutoka, kumbukumbu za mkutano ziseme inanunuliwa kwa njia gani, nani atatia sahihi ya kuuza, na kabla ya mwaka gani haitaguswa.