Bango la safari lisilosema maji yanajaa saa ngapi

Kero yangu ni hawa wanaouza safari za kwenda baharini hapa Dodoma. Bango lina picha ya mnazi, bei na saa ya treni ya SGR, basi. Kupwa na kujaa kwa maji hakuna anayekutaja, na ndiko kunakoamua kama utaogelea au utatembea kwenye matope.

Siku za bamvua, yaani maji yanapojaa na kupwa kuliko kawaida, mwezi unapoandama au ukiwa mpevu, maji ya Dar es Salaam hujaa kwenye saa kumi na kupwa kabisa karibu saa nne asubuhi. Sasa abiria analala Dar, anapelekwa ufukweni saa tatu na nusu, muda ule ule bahari inakimbia! Mtoto wa Dodoma aliyezoea kuona maji ya Bwawa la Hombolo kwa mbali anasimama mbele ya mchanga mtupu na majani ya bahari. Akitaka kuyafuata maji, anapita juu ya miamba yenye miiba ya baharini inayokatikia mguuni. Viatu vya mpira hakuna aliyemwambia abebe.

Hata boti za kisiwa cha Mbudya, zinazoondokea Kunduchi hapo Dar, maji yakipwa husimama mbali na watu hushuka wakivuka kwa miguu, mabegi kichwani.

Kila siku saa za kujaa na kupwa husogea mbele kwa dakika 50 hivi, na jedwali la maji hutolewa mapema. Mwandaaji aliangalie kabla ya kupanga tarehe, kisha aandike saa hizo kwenye bango, chini ya bei.