Nani Huupa Ubongo Habari ya Shibe: Homoni au Neva?

Mlo unaoliwa kwa dakika 20 huchukua saa kadhaa kusagwa na kufyonzwa, na bado mlaji husukuma sahani kando muda mrefu kabla sehemu kubwa ya chakula hicho haijaingia kwenye damu. Mwili, basi, hauna budi kukadiria mapema kiasi kilicholiwa. Wanafiziolojia wamebishana kwa miongo mingi kuhusu nani anayeupelekea ubongo makadirio hayo: homoni za utumbo, au neva za tumbo.

Hoja ya homoni ilipata nguvu mwaka 1973, pale James Gibbs, Robert Young na Gerard Smith walipowadunga panya kolesistokinini na kuona kwamba wanakula kidogo kuliko kawaida. Homoni hiyo hutolewa na seli za mwanzo wa utumbo mwembamba mara mafuta na protini vinapowasili. Ndiyo pia inayokaza kifuko cha nyongo na kuchelewesha chakula kutoka tumboni. Chini zaidi utumboni, seli nyingine hutoa homoni mbili zaidi za shibe, GLP-1 na PYY. Ghrelini ya tumboni, iliyogunduliwa mwaka 1999, hufanya kinyume: hupanda kabla ya mlo na kushuka baada yake. Hata hivyo, panya waliopewa kolesistokinini kila walipoanza kula walipunguza ukubwa wa mlo lakini wakaongeza idadi ya milo, jambo linaloonyesha kwamba homoni hii hukatiza mlo uliopo bila kudhibiti ulaji wa siku nzima.

Upande wa neva una ushahidi ambao kwangu ni mzito zaidi. Watafiti walipoziba kwa muda njia ya kutokea tumboni mwa panya, ili chochote kisipite kwenda utumboni, panya hao walipunguza kula kadiri tumbo lilivyojaa, hata pale lilipojazwa maji ya chumvi yasiyo na lishe yoyote. Kinyume chake, mnyama ambaye chakula chake hutolewa kwa mrija kila kinapofika tumboni huendelea kula kupita kawaida yake. Ukuta wa tumbo unapotanuka, huvuta ncha za neva ya vagasi, ambayo takriban 80% ya nyuzi zake hupeleka habari kutoka viungo vya ndani kwenda kwenye shina la ubongo.

Lakini kujaa pekee hakutoshi. Mtu akinywa bilauri mbili za maji kwa mfululizo, huhisi tumbo limekaza, na baada ya muda mfupi hali hiyo hutoweka kwa sababu maji hayana cha kuyazuia yasipite. Vilevile, watu waliokatwa tumbo lote kwa upasuaji bado hushiba.

Nadhani kosa la mjadala huu ni kuzichukulia homoni na neva kama njia mbili zisizokutana. Neva ya vagasi ilipokatwa katika panya, kolesistokinini ilipoteza uwezo wake wa kupunguza ulaji. Na nyuzi zinazoitikia kutanuka kwa tumbo huitikia kwa nguvu zaidi homoni hiyo inapokuwepo. GLP-1 ya asili nayo huvunjwa na kimeng'enya ndani ya dakika 2 hivi, kwa hiyo kiasi kidogo tu huweza kusafiri mbali, ilhali ncha za neva zimo humo humo ukutani mwa utumbo, karibu kabisa na seli zinazoitoa. Kwa mlo mmoja, basi, neva ndiyo mjumbe mkuu, na homoni huipa habari ambayo kutanuka hakuwezi kuitoa: kwamba kilichoingia kina lishe.

Watetezi wa homoni watataja dawa zinazoiga GLP-1, kama semaglutide, ambayo hudumu mwilini kwa takriban wiki moja kabla ya kupungua kwa nusu na hufika kwenye sehemu za shina la ubongo ambako kizuizi baina ya damu na ubongo ni hafifu. Mafanikio yake ni ya kweli na yamewasaidia wengi. Hata hivyo, dawa inayokaa kwenye damu usiku na mchana haiwezi kutufundisha jinsi homoni ya dakika 2 inavyofanya kazi baada ya mlo. Isitoshe, mojawapo ya sehemu hizo za ubongo ndiyo inayochochea kutapika, na kichefuchefu ni lalamiko la kawaida kwa watumiaji wa dawa hizi. Kwa sababu hiyo, panya anapokataa chakula baada ya kudungwa, mtafiti analazimika kuuliza kwanza kama ameshiba au anaumwa.