Bastola za Dodge City: pale filamu za kauboi zilipodanganya, na pale zinapoonewa

Kipande cha kwanza cha Gunsmoke, tamthilia ya kauboi ya televisheni ya Marekani, kilirushwa na kituo cha CBS Jumamosi, tarehe 10 Septemba 1955, na ndani yake steringi anapigwa risasi. Si ya kumkwaruza. Mashali Matt Dillon, mlinda sheria wa mji, anamkabili muuaji aliyeingia Dodge City, Kansas, anazidiwa wepesi, anaanguka. Akiwa anauguza jeraha anaanza kupiga hesabu: yule bwana ni mwepesi kweli, lakini watu anaowaua huwa wako hatua chache tu mbele yake. Anapopata nafuu anarudi kumkabili, na safari hii anakataa kusogea karibu. Muuaji anafyatua kwanza na kukosa. Dillon analenga, anapiga.

Nimeanza na kipande hicho kwa sababu hukumu inayotolewa siku hizi juu ya filamu za kauboi karibu yote imejengwa juu ya picha moja: wanaume wawili katikati ya barabara, jua la utosi, mwepesi wa mkono ndiye anayeondoka hai. Picha hiyo ni ya uongo, na hakuna haja ya kuitetea. Pambano halisi la namna hiyo linalotajwa kila mara ni la Wild Bill Hickok na Davis Tutt, Springfield, Missouri, tarehe 21 Julai 1865, waliogombania saa ya mfukoni na kufyatuliana wakiwa karibu mita 70. Linatajwa kila mara kwa kuwa wenzake ni haba. Watu wengi waliouawa kwa bastola katika miji ile hawakuwahi hata kujibu risasi, na baadhi yao hawakuwa na silaha.

Vifaa navyo vinaisaidia lawama. Bastola ya kauboi wa filamuni ni Colt ya mwaka 1873, ya risasi sita, ambayo nyundo yake lazima ivutwe nyuma kwa kidole gumba kabla ya kila mlio. Kuijaza ni kazi ya subira: unafungua kilango kidogo upande wa kulia, unasukuma ganda moja nje, unaingiza risasi moja, unazungusha silinda, unarudia. Waliojua hatari yake walijaza risasi tano tu na kuiacha nyundo juu ya tundu tupu, kwa sababu bastola ikidondoka na nyundo ikagonga, inalia. Wyatt Earp mwenyewe, mlinda sheria maarufu kuliko wote, yalimkuta Wichita, Januari 1876. Alikuwa ameketi kwenye kiti, bastola ikachomoka kwenye mfuko wake na kuanguka, risasi ikapita kwenye koti lake na kutokea darini.

Ule mfuko wa ngozi unaoning'inia chini ya nyonga na kufungwa pajani ni wa Hollywood. Mifuko ya wakati ule ilivaliwa juu, karibu na kiuno, na ilimeza bastola kwa kina ili isipotee mtu akiwa juu ya farasi. Wepesi tunaouona kwenye skrini ulitokana na mafundi kama Arvo Ojala, aliyeweka bamba la chuma katikati ya tabaka mbili za ngozi. Chuma kile huiachia silinda nafasi ya kuzunguka, hivyo nyundo inavutwa bastola ikiwa bado mfukoni. Mashabiki walipoiga mchezo huo kwa risasi za kweli, kidole gumba kilipoteleza waliojeruhiwa walikuwa wao wenyewe, miguuni. Ojala huyohuyo ndiye anayesimama mbele ya James Arness, mwigizaji wa Dillon, kwenye pambano la kufungulia Gunsmoke. Tazama vizuri ufunguzi ule: Ojala ndiye anayefyatua kwanza.

Na moshi? Baruti nyeusi ya miaka ya 1870 ilitoa wingu jeupe zito. Baada ya risasi chache ndani ya chumba, watu walikuwa wakipiga wasichokiona. Risasi baridi za studio, zenye ganda na baruti bila kichwa, hutoa moshi kidogo tu ili sura ya mwigizaji ionekane. Ndiyo maana mapambano ya filamuni yana mpangilio ambao ya kweli hayakuwa nao.

Mpaka hapo mashtaka yana haki. Yanapoteza haki yake yanapofika kwenye namba.

Mwaka 1968 mwanahistoria Robert Dykstra alichapisha utafiti juu ya miji mitano ya mifugo ya Kansas: Abilene, Ellsworth, Wichita, Dodge City na Caldwell. Kati ya 1870 na 1885 alihesabu mauaji 45. Kwa wastani ni mtu mmoja na nusu kwa kila msimu wa biashara ya ng'ombe katika kila mji, na hakuna mji uliozidi watu watano kwa mwaka. Tangu hapo namba hiyo imekuwa rungu la kuzipiga filamu: tazameni, wanasema, watu 45 tu, sinema zinaua wengi kuliko hao kwa wiki.

Kwa hesabu ya maiti, ni kweli. Lakini namba 45 peke yake haisemi kitu mpaka uulize ni kati ya wangapi. Dodge City mwaka 1880 ilikuwa na wakazi wapatao elfu moja. Chukua mtu mmoja na nusu kwa mwaka katika watu elfu, kisha upanue kiwango hicho hadi mji wa watu milioni moja: ni maiti 1,500 kila mwaka. Randolph Roth, mtafiti wa historia ya mauaji Marekani, alipopiga hesabu ya Dodge City ya 1876 hadi 1885 alipata angalau mauaji 165 kwa kila watu wazima 100,000 kwa mwaka. Maana yake, mtu mzima aliyekaa pale miaka kumi yote alikuwa na uwezekano wa mmoja kati ya 61 wa kuuawa.

Dykstra hakukubaliana na njia hiyo, na hoja yake ni nzito. Katika mji mdogo, maiti mmoja zaidi hukirusha kiwango juu bila mantiki. Halafu kila kiangazi vijana wa kuswaga ng'ombe kutoka Texas walijaa mjini bila kuhesabiwa kama wakazi. Waingize kwenye hesabu na kiwango kinashuka. Sawa. Lakini kwa upande wa Dodge, orodha yake nayo inaanza ilipokuwa tayari mji wa mifugo. Mji ulianzishwa 1872, na miezi yake ya mwanzo, kabla haujawa na baraza wala polisi, ilikuwa ya kumwaga damu kuliko yote iliyofuata. Nikiziweka hoja zote mezani naona hivi: filamu zilizidisha idadi ya maiti, lakini hofu hazikuizidisha. Mwenye duka wa Front Street, barabara kuu ya Dodge, aliyefunga mlango mapema Jumamosi usiku katika msimu wa ng'ombe alikuwa na sababu, na tamthilia ile ilimwonyesha kwa haki kuliko wanavyomwonyesha wanaotuambia kwamba mji ulikuwa shwari.

Kuna jambo la pili ambalo wakosoaji hulitaja kana kwamba linaziaibisha filamu: miji ile ilikataza bastola. Picha za Dodge City za mwishoni mwa miaka ya 1870 zinaonyesha kibao kikubwa Front Street kinachotangaza kuwa kubeba silaha ni marufuku kabisa. Mgeni aliiacha bastola yake alipofikia na kuichukua anapoondoka. Lakini tazama tamthilia na filamu nzuri za walinda sheria uone mara ngapi kisa chote ni hicho: mtu mmoja mwenye beji anawaendea wanaume waliolewa na kuwaambia waweke silaha chini. Abilene mwaka 1870 Tom Smith aliifanya kazi hiyo kwa ngumi zaidi ya risasi. Wyatt Earp alipendelea kumgonga mtu kichwani kwa mtutu na kumkokota hadi rumande. Pambano la Tombstone, Arizona, la tarehe 26 Oktoba 1881 lilianza hivyohivyo. Virgil Earp, kaka yake Wyatt na mkuu wa polisi wa mji, alikwenda kuwanyang'anya silaha akina Clanton na McLaury kwa mujibu wa sheria ndogo ya mji, akiwa ameshika mkononi fimbo ya kutembelea ya Doc Holliday, rafiki wa akina Earp. Uwanja ulikuwa mwembamba, kando ya nyumba ya mpiga picha, watu wakiwa karibu kiasi cha kushikana. Risasi 30 hivi katika sekunde 30 hivi, watatu wakafa. Usikilizaji mbele ya Jaji Wells Spicer ulichukua karibu mwezi mzima kabla hajaamua kwamba hakuna sababu ya kuwashtaki akina Earp na Holliday. Sinema hupenda zile sekunde 30 na kuupitia mwezi ule haraka. Hapo lawama ni ya haki.

Kazi ile ilivyokuwa na uzito inaonekana vizuri zaidi kwa Hickok. Usiku wa tarehe 5 Oktoba 1871, akiwa mashali wa Abilene, alimpiga risasi mcheza kamari Phil Coe. Katika vurugu hiyohiyo akaona mtu anakuja mbio ubavuni, akageuka na kufyatua. Alikuwa Mike Williams, msaidizi wake, anakuja kumwokoa. Desemba baraza la mji lilimwachisha kazi. Filamu ya High Noon ya 1952 haina kisa hicho, lakini Gary Cooper, anayeigiza mashali, anabeba kitu kinachofanana nacho: jasho, mlango baada ya mlango unaofungwa, na saa ya ukutani isiyongoja. Anayesema filamu hizo zilifundisha kuishangilia bastola aitazame tena sura ile. Na atafute vipande 233 vya nusu saa vya Gunsmoke, vya 1955 hadi 1961, kabla haijarefushwa kuwa saa nzima. Mara nyingi Dillon anashinda pambano na bado anaondoka kama mtu aliyeshindwa.

Kosa ninalokataa kulisamehe ni lingine, na ajabu ni kwamba halitajwi sana kama lile la mapambano. Inakadiriwa mmoja kati ya makauboi wanne alikuwa Mweusi, na kwenye skrini karibu hawaonekani. Wenyeji wa nchi ile waliwekwa kwenye skrini kama vumbi linalokuja kwa farasi. Gunsmoke ilipata miaka 20 na vipande 635, na katika muda wote huo kisa cha Bass Reeves kilikuwa tayari, kimekaa kinangoja. Alizaliwa mtumwa Arkansas mwaka 1838. Kuanzia 1875 alikuwa naibu mashali wa serikali katika Indian Territory, eneo la wenyeji wa asili wa Marekani ambalo sasa ni Oklahoma, kwa zaidi ya miaka 30. Hakujua kusoma, basi alisomewa hati za kukamata akazihifadhi kichwani, kila jina na kosa lake, na mwenyewe alihesabu waliotiwa mbaroni naye kuwa zaidi ya 3,000. Mwaka 1902 ilitoka hati ya kijana aliyemuua mkewe, na kijana huyo alikuwa Bennie, mwanawe wa kumzaa. Reeves aliiomba ile hati mwenyewe, akaenda, akamleta.