Golf ya Marekani iko wapi?

Tangu nihamie Virginia, watu wa nyumbani hawaniulizi sana habari za baridi wala za kazi. Wananiuliza: "Yaya, Golf ya huko iko wapi?" Golf ni mtaa wa matajiri wa Lubumbashi, mji wetu wa shaba huko Kongo. Mtu wa Lubumbashi akiuliza hivyo, anataka kujua wenye pesa wanalala upande gani.

Jibu langu huwachekesha, kwa sababu mimi mwenyewe naishi humo. Kaunti ya Loudoun, kaskazini mwa Virginia, upande wa uwanja wa ndege wa Dulles, imeongoza Marekani nzima kwa mapato ya kaya kwa zaidi ya miaka kumi. Mdogo wangu mmoja wa Katuba, mtaa wa watu wa kawaida kule Lubumbashi, alipolisoma hilo alinipigia simu usiku wa manane: kumbe sasa umekuwa mukubwa! Hapana. Mimi nalea wazee wa watu, na nyumba ninayokaa, huko Sterling, tumeipanga watu wazima wanne.

Lakini hesabu yao ilivyo, hata sisi wanne tunasaidia kuipandisha Loudoun. Idara ya sensa haimhesabu mtu mmoja mmoja. Inahesabu wote walio chini ya paa moja, inajumlisha mapato yao, kisha inazipanga kaya zote kutoka ya chini hadi ya juu na kuchukua ile iliyosimama katikati. Mwaka 2022 kaya ya katikati ya Loudoun ilipata kama dola 170,000. Ya Marekani nzima ilipata kama 75,000. Sasa weka pamoja mshahara wangu, wa dereva wa lori, wa yule anayepakia mizigo ghalani usiku na wa binamu anayesuka nywele: karatasini sisi ni watu wenye hali. Jikoni tunagombania chungu kimoja cha bukari, yaani ugali.

Matajiri wenyewe wa hapa si wa kutisha, na hilo ndilo lililonishangaza. Sikuona majumba ya dhahabu. Niliona mume na mke wote wawili wamesoma, mmoja anaandika programu, mwingine yuko kwenye kampuni yenye mkataba na Pentagon, wizara ya ulinzi, nyumba yao ya mbao imefanana na ya jirani kama mapacha. Ndiyo maana ukiangalia kaunti zilizo juu, nyingi zimeizunguka Washington: Fairfax, Arlington, Howard kule Maryland, na mji mdogo wa Falls Church ambao unahesabiwa peke yake kama kaunti. Pesa hupenda kulala karibu na serikali, jambo ambalo hakuna haja ya kumfundisha Mkongomani aliyewahi kufika Gombe, mtaa wa serikali kule Kinshasa. Nyingine ziko California, kama Santa Clara, kwa sababu ya kompyuta.

Na ukibadilisha kipimo, mshindi anabadilika. Ukichukua mapato yote na kuyagawa kwa idadi ya watu, badala ya kutafuta kaya ya katikati, anayeibuka ni Teton, kaunti ya milima na theluji huko Wyoming, ambako matajiri wachache sana wameandikisha makazi yao kwa vile jimbo hilo halitozi kodi ya mapato. Anayeosha vyombo hotelini kule Jackson naye, kwa hesabu hiyo, ni tajiri. Halafu kuna vimiji kama Atherton, California, au Scarsdale karibu na New York: kadiri unavyouchora mpaka mdogo, ndivyo utajiri unavyong'aa. Chora mstari kuzunguka barabara mbili tatu za Golf, uwaache nje zamu (walinzi) na wapishi, nasi tutaingia kwenye mashindano.

Kwa hiyo sipendi sana swali la nani tajiri zaidi. Ninalotazama mimi ni huo mpaka unafanya kazi gani.

Huku mpaka ndio shule. Kila mwenye nyumba hulipa kodi ya thamani ya nyumba yake, na Loudoun kiwango kimekuwa chini ya dola 1 kwa kila dola 100 za thamani. Inaonekana ndogo mpaka ukumbuke kwamba nyumba ya kawaida hapa inapita dola 700,000, yaani mtu analipa zaidi ya dola 5,000 kila mwaka, hata kama hana mtoto. Pesa hizo hazipandi ndege kwenda mji mkuu na kusubiri zirudishwe. Zinabaki kwenye kaunti, na zaidi ya nusu ya kodi zake huenda shuleni. Mtoto wa binamu yangu, ambaye baba yake hana hata bati moja nchi hii, anapanda basi la njano, anapewa kompyuta, anafundishwa na mwalimu aliyelipwa mwisho wa mwezi. Anaipata kwa kuwa tu analala upande huu wa mstari.

Niliwahi kwenda Leesburg, makao ya kaunti, kusikiliza wananchi wakijadili bajeti. Yeyote anaruhusiwa, anajiandikisha, anapewa dakika chache. Mzee mmoja alisimama na karatasi zake, mikono inatetemeka, akahoji kwa nini kiwango cha kodi kisipunguzwe kwa senti moja. Senti moja! Akataja ukurasa wa bajeti. Mama mwingine akamjibu kwamba senti hiyo ni walimu wangapi. Wajumbe wa baraza, watu waliochaguliwa, walikaa kimya wakaandika. Nilikuwa na zamu ya usiku lakini niliona uchungu kuondoka, kwa sababu maishani mwangu sikuwahi kuona tajiri akiidai serikali hesabu mbele za watu.

Nikawaza: mwenye jumba la Golf atakwenda komini, ofisi ya serikali ya mtaa, kudai nini? Maji hana shida nayo, amechimba foraji yake, kisima cha bomba. Umeme ukikatika, jenereta inanguruma. Barabara ikiwa mashimo, ana jeep. Usalama ni ukuta wenye vipande vya chupa juu, na zamu langoni. Mtoto anasoma kwenye shule ya kulipia, na akiugua kweli anapelekwa Afrika Kusini. Kwenye barabara yetu kule Lubumbashi, transfoma ilipoungua, walichanga wakazi wenyewe. Yule jirani mwenye uwezo mkubwa kuliko wote hakuchanga, alinunua jenereta kubwa zaidi. Simlaumu hata. Alifanya alichoona kinafanya kazi. Lakini tangu siku ile barabara ilipoteza mtu pekee ambaye sauti yake ingesikika ofisini.

Hapo ndipo naona tofauti yenyewe. Tajiri wa Loudoun hana moyo mzuri kuliko wa Golf. Ananunua maji, shule na polisi kwa jumla, pamoja na jirani zake, na kwa sababu ni vya pamoja analazimika kupiga kelele vikiharibika. Wa kwetu ananunua rejareja, kila mtu ndani ya lupangu lwake, yaani ua wake, kwa bei ya juu mara nyingi zaidi, na nje ya ukuta vumbi ni lile lile. Ukijumlisha foraji zote, jenereta zote na mafuta yote yanayochomwa mle, nadhani Golf inalipa "kodi" nzito kuliko Ashburn, mji wa hapa Loudoun. Ila haijengi kitu ambacho jirani atakitumia.

Msidhani nimeanza kuwaimbia Wamarekani. Wale wale wanaopigania senti ndio hufika kwenye mikutano kupinga majengo ya vyumba vya kupanga, wakisema yataleta foleni na kujaza madarasa. Magharibi mwa kaunti, upande wa Middleburg, ni mashamba ya farasi, na kanuni za ardhi hazimruhusu mtu kugawa kiwanja vipande vidogo. Ukuta wao hauna vipande vya chupa. Umeandikwa kwenye kanuni. Wenzangu wengi wa kazi hawawezi kupanga hapa, wanatoka West Virginia kabla ya alfajiri kuja kuwaogesha wazee wa Loudoun. Zamani walikuwa wazi zaidi: hati za nyumba ziliandikwa kabisa kwamba mtu mweusi asiuziwe. Mahakama Kuu ilikataza hati hizo kutekelezwa mwaka 1948, na sheria ya kupinga ubaguzi wa makazi ikaja 1968. Mtu wa Lubumbashi analielewa hili bila mkalimani. Mji wetu ulianzishwa 1910, na Wabelgiji walitenganisha mji wa wazungu na Kamalondo, mtaa wa Waafrika, kwa ukanda mtupu, wakisema ni kwa ajili ya afya.

Na kuna jambo moja ambalo Golf inaishinda Loudoun waziwazi. Mukubwa wa Golf akifiwa, au shemeji ya shangazi yake akifiwa, kilio kinakuja kwake. Watu wa Katuba na wa Kenya (mtaa wa kwetu, si nchi) watalala kwenye lupangu lwake, watakula kwake, na pesa ya masomo ya watoto watatu itaombwa pale pale kabla ya mazishi. Hiyo nayo ni kodi, na haina pa kuikwepa. Huku naweza kumhudumia bibi tajiri miaka na majirani zake wasijue jina langu.

Sasa tuje kwenye shaba, maana najua mtaniambia: Loudoun ina nini? Haina mgodi hata mmoja! Sawa. Hebu tuangalie wenye migodi wa hapa hapa. Jimbo la jirani, West Virginia, lina kaunti inayoitwa McDowell. Makaa yake ya mawe yalilisha viwanda vya chuma vya Marekani. Mwaka 1950 ilikuwa na watu karibu 100,000. Sensa ya 2020 ilikuta kama 19,000, na kaya ya katikati haifikishi dola 35,000 kwa mwaka. Mwaka 1961, serikali ya Kennedy ilipoanza kugawa kuponi za chakula, familia ya kwanza kuzipokea ilikuwa ya McDowell. Kampuni zilijenga nyumba, maduka, zilileta daktari, kisha makaa yakapungua thamani, mashine zikachukua kazi za watu, kampuni zikaondoka. Wazazi wetu walisema "Gécamines njo baba njo mama", yaani kampuni ya serikali ya migodi ndiyo baba ndiyo mama, walipata posho ya unga, shule na hospitali kutoka mkono mmoja, mpaka mkono ule ukakauka na zaidi ya wafanyakazi 10,000 wakaagwa mwaka 2003. Mzee wa McDowell na mzee wa Cité Gécamines wangekaa kwenye benchi moja wasikose la kuzungumza.

Ila sisi tunayo karatasi mkononi. Sheria ya madini iliyorekebishwa 2018 inagawa mrabaha, yaani malipo ya kampuni kwa madini zinayochimba, hivi: 50% serikali kuu, 25% jimbo, 15% komini, sekta au eneo la chifu ambako mgodi upo, na 10% mfuko wa vizazi vijavyo. Ile 15% ndiyo Loudoun yetu, iko tayari kwenye sheria, na kwa mahali kama Fungurume, mji wa migodi jimboni Lualaba, si pesa ndogo. Nawauliza wenye ndugu huko Lualaba: ni nani amewahi kusimama mbele ya bourgmestre, mkuu wa komini, na karatasi mkononi, akataja ukurasa? Wanaharakati wapo, nawaheshimu. Nauliza wenye maduka, wenye hoteli, wenye malori. Wao wamenyamaza, kwa sababu foraji yao inatoa maji.

Na Loudoun nayo isijidanganye. Sehemu kubwa ya neema yake ya sasa inatoka Ashburn, kwenye vituo vya data, maghala yasiyo na madirisha ambamo mashine za intaneti zinanguruma usiku na mchana. Kodi ya mashine hizo ndiyo inayowapunguzia wenye nyumba ile senti yao. Lakini zinakula umeme kuliko miji, nguzo za nyaya zinataka kupita juu ya paa za watu, kelele haziishi, na mwaka 2025 baraza liliondoa ule uhuru wa kuvijenga bila kupigiwa kura kwanza. Sasa katika vikao vyao wanabishana jambo jingine: itakuwaje bajeti nzima ikiegemea sekta moja, halafu siku moja kampuni zikahama? Wangemtumia tiketi mstaafu mmoja wa Gécamines, angewaeleza yote kwa mchana mmoja, na angedai chai tu.