Ozoni na kaboni amilifu kwenye majitaka ya viwanda vya nguo: rangi ikipotea, uchafu umeisha?

Pitisha ozoni, gesi kali ya oksijeni yenye atomi tatu, kwenye glasi ya majitaka mekundu ya kiwanda cha nguo, na ndani ya dakika chache yatakuwa karibu meupe. Lakini pima COD ya maji yale yale, yaani oksijeni inayohitajika kuoksidisha uchafu wake kwa kemikali. Mara nyingi imeshuka kidogo tu. Ozoni imevunja kile kifungo cha nitrojeni mbili kinachoipa rangi ya azo, kundi kubwa la rangi za nguo, wekundu wake. Vipande, zikiwemo asidi ogani ndogondogo, bado vimo humo.

Kwa hiyo wapo wanaosema ozoni ya nini, tuweke kaboni amilifu peke yake, yaani makaa yenye vinyweleo vingi yanayonasa uchafu. Hoja yao ina uzito: haina mtambo wa umeme mkubwa, na gramu moja ina eneo la ndani la mita za mraba 500 hadi 1,500. Tatizo ni vinyweleo. Vingi ni vyembamba kuliko nanomita 2, na molekuli kubwa za rangi hukwama mlangoni. Kaboni hushiba mapema, na kuihuisha, yaani kuisafisha itumike tena, kunataka joto la nyuzi 800 hadi 900 za Selsiasi, huku sehemu yake ikipotea kila mara.

Kuunganisha ozoni na kaboni kunaleta faida, ila si ile inayodhaniwa. Vipande vilivyoachwa na ozoni hupenda maji, kwa hiyo hunata kwenye kaboni kwa shida zaidi kuliko awali. Kinachoviondoa ni bakteria wanaoota juu ya chembe za kaboni, kwa sababu sasa vinalika. Bakteria hao wakifa kwa sumu au kwa pH iliyoruka, umelipia ozoni ili kuitia kaboni kazi ngumu zaidi. Ndiyo maana naona mfumo huu unastahili kuwekwa mwishoni tu, baada ya tangi la kusawazisha mtiririko, matibabu ya kibiolojia na kichujio cha mchanga. Ukiweka ozoni mwanzoni, itaunguza wanga na sabuni ambazo bakteria wangekula kwa gharama ndogo.

Tufanye hesabu. Maji mita za ujazo 40 kwa saa, dozi miligramu 50 kwa lita: ni kilo 2 za ozoni kwa saa. Ikitengenezwa kwa oksijeni safi, chukua takriban kWh 10 kwa kilo, yaani kWh 0.5 kwa kila mita ya ujazo, bila kuhesabu oksijeni yenyewe. Kaboni, kwa dakika 20 za mguso, inahitaji kitanda cha mita za ujazo 13 hivi.

Dozi hiyo huharibiwa na vitu ambavyo jicho halioni. Nitriti, chumvi ya nitrojeni inayotokea njiani bakteria wanapobadilisha amonia kuwa nitrati, ndiyo mwizi mkubwa: kila miligramu 1 ya nitrojeni iliyomo ndani yake hula miligramu 3.4 za ozoni. Matibabu ya kibiolojia yakiishia njiani na kuacha miligramu 10 za nitrojeni hiyo kwa lita, 34 kati ya zile 50 zimeliwa kabla rangi haijaguswa. Peroksaidi iliyobaki kwenye kung'arisha pamba nayo inakula. Rangi za disperisi za poliesta, kwa kuwa ni chembe zisizoyeyuka, huitikia ozoni polepole; hizo zigandishwe na kutuamishwa kwanza.

Kati ya tangi la ozoni na kaboni, acha chumba cha kusubiria ili ozoni iliyobaki ivunjike yenyewe. Gesi inayotoka juu ya tangi ipitie kichocheo cha manganizi au joto, kamwe isipitishwe kwenye kaboni kavu, maana inaweza kuwaka. Tena, kaboni iliyolowa hunyonya oksijeni ya hewa: fundi asiingie kwenye tangi lake kabla hewa haijapimwa, hata kama linaonekana tupu na safi.

Na chumvi? Kutia pamba rangi za reaktivu, zinazoshikamana na nyuzi kwa kemikali, hutumia makumi ya gramu za chumvi kwa lita, nayo hupita ozoni na kaboni bila kuguswa. Anayetaka kuyarudisha maji hayo kwenye mashine za rangi apime kwanza upitishaji wake wa umeme, unaoonyesha wingi wa chumvi. Ukiwa juu, atahitaji utando wa osmosi kinyume, unaopitisha maji kwa shinikizo na kuizuia chumvi, na hapo bei ya mradi inabadilika kabisa.