Mtambo wa Barcelona uliolala haukuwa hasara

Mei 2008, wakati wa ukame, meli ya Sichem Defender iliingia bandari ya Barcelona na shehena ya maji ya kunywa: takriban lita milioni 20, zilizopakiwa Tarragona, mji wa bandari kusini-magharibi mwa jiji. Mwaka uliofuata ukafunguliwa mtambo wa kuondoa chumvi kwenye maji ya bahari, El Prat de Llobregat, jirani na jiji, wenye uwezo wa mita za ujazo milioni 60 kwa mwaka. Kufikia hapo mvua zilikuwa zimesharudi. Mtambo ukalala.

Kwa miaka mingi ulizalisha sehemu ndogo ya uwezo wake, na lawama hazikukosekana: fedha zimefukiwa ufukweni. Wakosoaji wana hoja. Kila mita ya ujazo hula karibu uniti tatu za umeme, na mabaki yake, maji ya chumvi kali, hurudi baharini. Tena serikali yenye mtambo huona uvivu wa kuziba mabomba yanayovuja.

Lakini turudi kwenye ile meli. Mita za ujazo milioni 60 kwa mwaka ni lita zaidi ya milioni 160 kwa siku. Ni sawa na meli nane kama ile kila siku, Jumapili na sikukuu, bila bandari wala foleni. Nimeipiga hesabu hii mara kadhaa nikidhani nimekosea sifuri mahali.

Ukame uliporudi kuanzia 2021, bwawa la Sau, mojawapo ya yanayoinywesha Barcelona, lilishuka hadi kanisa la Sant Romà, lililomezwa na maji miaka ya 1960, likasimama pakavu. Machi 2023 boti zilipelekwa kuvua samaki waliobaki, wasije wakafa na kuoza ndani ya maji ya kunywa. Februari 1, 2024, mabwawa yakiwa chini ya asilimia 16, dharura ikatangazwa: kikomo cha lita 200 kwa mkazi kwa siku, hoteli na biashara zikiwemo humo, na wakulima kupunguziwa maji ya umwagiliaji kwa asilimia 80.

Wapo wanaosema kubana matumizi kungetosha. Kubana nani? Nyumbani, mtu wa Barcelona hutumia lita mia na ushei tu. Kilichobeba jiji ni bahari na, tusiyapunje, maji taka yaliyosafishwa, ambayo husukumwa hadi mji wa Molins de Rei, yakamwagwa mto Llobregat na kuchotwa tena chini yake. Viwili hivyo vilifika kutoa zaidi ya nusu ya maji ya jiji.

Kosa ninaloliona mimi ni jingine: miaka ya mvua ilipita bila kupanua mtambo mwingine wa kuondoa chumvi, wa Tordera, kule Blanes kaskazini mwa jiji, wa mita za ujazo milioni 20 tu.

Anayeumia zaidi hapa huwa hatajwi. Tangu miaka ya 1960 Barcelona inavuta maji ya mto Ter, na watu wa Girona, eneo ambalo mto huo unapita, wamelalamika muda wote huo. Lita inayotoka baharini ni lita inayoweza kubaki Ter. Mei 2024, baada ya mvua, dharura iliondolewa, na mtu akiuliza tena kwa nini tulipie mtambo wakati mabwawa yanajaa, aanze kwa kumuuliza mkulima wa huko.