Spika ya katikati na makochi ya kuta tatu

Sebule nyingi za Mombasa, ziwe za Majengo au za Nyali, makochi yamepangwa kufuata kuta tatu na televisheni imeachiwa ukuta wa nne. Mpangilio huo umewekwa kwa ajili ya wageni na mazungumzo, na sioni sababu ya kuuvunja kwa sababu ya filamu. Lakini ndio unaoamua jambo ambalo watu wa homu thieta, yaani sinema ya nyumbani, hawaishi kubishania: spika ya katikati, ile inayokaa chini ya televisheni kati ya ya kushoto na ya kulia, inunuliwe au isinunuliwe, na ikinunuliwa iwe ya aina gani.

Wanaoikataa wana hoja nzito. Katika mfumo wa 5.1, yaani spika tano na sabwufa moja ya besi, spika hii hubeba sehemu kubwa ya maongezi, lakini ukiiambia risiva, mashine inayogawia spika sauti, kwamba haipo, kazi yake hugawanywa sawasawa kati ya spika ya kushoto na ya kulia. Aliyekaa katikati barabara atasikia maneno yakitoka kwenye skrini kana kwamba pana spika pale. Spika mbili nzuri ni bora kuliko tatu hafifu za bei ileile, na hilo halina mjadala. Anayeishi peke yake katika chumba kimoja kule Tudor, kiti chake kikitazamana na televisheni, pesa za spika ya tatu azitie kwenye zile mbili.

Mambo hubadilika wageni wakija. Sikio huifuata sauti iliyotangulia kufika. Aliye kwenye kochi la kushoto hufikiwa kwanza na spika ya kushoto, na maongezi yote huhamia upande huo ilhali mwigizaji yuko katikati ya skrini. Wahandisi walilijua hili zamani. Mwaka 1933, maabara za Bell, za kampuni ya simu ya Marekani, zilipopeleka muziki wa okestra kwa waya kutoka Philadelphia hadi Washington, zilitumia njia tatu: kushoto, katikati na kulia. Kumbi nyingi za sinema nazo huweka spika nyuma ya skrini yenye matundu madogo, ili hata wa kiti cha ukingoni asikie sauti mahali anapouona mdomo. Nyumba ambayo baba amekaa huku, shangazi kule na watoto wako kwenye busati, inaihitaji spika hii.

Wanaoitetea basi wana haki, ila wengi wao huishia hapo, kisha wakanunua yoyote iliyoandikwa jina hilo. Nyingi ni sanduku refu la kulala, wufa mbili (koni za sauti nzito) pembeni na twita (ya sauti nyembamba) katikati yake. Umbo hilo limechongwa lipate kuingia chini ya televisheni. Sikio halikuulizwa. Chukua wufa mbili zilizoachana sentimita 30. Aliye mbele yake hufikiwa na zote mbili kwa pamoja. Aliye nyuzi 30 kando, moja iko mbali naye kwa sentimita 15 zaidi kuliko nyingine. Kwenye sauti ya hezi (mitetemo kwa sekunde) 1,150 hivi, sentimita 15 ni nusu ya wimbi: wufa moja inasukuma hewa wakati nyingine inaivuta, na sauti inafifia. Akisogea katikati hadi nyuzi 15, kufifia huko huhamia juu, kwenye hezi 2,200 hivi. Kote huko ni eneo la usemi. Yule wa pembeni, aliyenunuliwa spika, ndiye anayekosa maneno. Ataomba sauti iongezwe, na milipuko ya filamu itamfikia jirani.

Dawa zipo. Kuna spika za kulala zinazogawa sauti mafungu matatu, ambazo twita imekaa juu ya spika ndogo ya sauti za kati na wufa zimeachiwa besi peke yake. Kuna zile ambazo twita imo ndani ya koni yenyewe, ufundi ambao kampuni ya Tannoy iliutoa mwaka 1947 na ya KEF ikaja na wake mwaka 1988. Na kuna njia ninayoipenda kuliko zote: spika ya tatu ya rafuni, yaani ndogo ya kukaa kwenye rafu, sawa kabisa na za kushoto na kulia, isimamishwe wima. Ugumu wake ni kwamba wauzaji wengi huuza kwa jozi, na televisheni lazima ipandishwe kidogo.

Wapo wanaosisitiza kwamba spika ya katikati itoke kwenye familia moja na zile za mbele, na wana sababu: gari la kwenye filamu likipita kutoka kushoto kwenda kulia, mngurumo wake usibadilike njiani. Mimi nikilazimika kuchagua, kusikika kwa maneno kutoka kila kochi kunatangulia. Gari hupita mara chache, watu husema filamu nzima.

Ukubwa usikutishe wala kukuvutia. Ukiwa na sabwufa na risiva ikiipelekea sauti zote zilizo chini ya hezi 80, besi nzito haiifikii spika hii. Angalia zaidi ukingo unaozunguka koni: wa sponji huoza, na joto na unyevu wa pwani huharakisha, kwa hiyo kwa spika zilizotumika tafuta wa mpira. Vigae na kuta za saruji hurudisha mwangwi unaoharibu usemi hata wa spika ghali. Zulia na mapazia mazito yatangulie. Spika nayo isisukumwe ndani ya kabati. Ivute hadi ukingo wa meza, uiinue pua ielekee masikioni mwa waliokaa.

Dukani usisikilize ukiwa umesimama mbele yake tu. Omba wacheze mtu anayezungumza, taarifa ya habari inatosha, kisha tembea polepole kutoka upande mmoja hadi mwingine. Ukisikia sauti yake ikipwaya njiani, hata kama muuzaji anapunguza bei, usiichukue.